Koti Juu ya Saa

DEREVA WA BASI BUNGENI: Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Bi Verna Lindskog amesimama katikati ya ukumbi wa bunge la jimbo letu, mkono kifuani, macho kwenye ubao wa kura. Taa tisini na mbili nyekundu. Taa mbili tu za kijani, na moja ya hizo ilikuwa yake mwenyewe.

Wengi mmeniandikia mkilalamika. Imekuwaje mama aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, akashinda kiti kwa kura kumi na moja, muswada wake wa kwanza kabisa ukataliwe na bunge zima? Tena siku ya mwisho ya kikao, zimebaki dakika arobaini kufika saa sita mchana, saa ambayo kwa sheria bunge hufungwa mpaka mwakani?

Tulieni. Orrin Baske alikuwa bado hajamaliza maswali yake.

Baske ni mnadhimu wa chama kikubwa, yaani yule anayewaambia wenzake wapige kura vipi, mtu wa tai nzuri na meno mengi. Alisimama, akakohoa.

"Mheshimiwa Lindskog, nina swali dogo tu. Hilo daraja la Hasper likitengenezwa, ng'ombe watavukia kushoto au kulia?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Verna akahisi machozi yanamlengalenga, lakini ulimi wake haukuwa umekufa.

"Watavukia katikati, Mheshimiwa. Kama wewe unapotoka kantini."

Kicheko kikawa mara mbili. Watu wakagonga meza. Bwana mnene wa kiti cha jirani, Lester Duhr, mkulima wa viazi, akamvuta Verna mkono wa sweta.

"We mama, usilie bwana. Huu ndio unyago wako. Kila mgeni hupitia hapa. Muswada wa kwanza lazima uulizwe upuuzi, halafu wote tunabonyeza nyekundu, unatoka jasho, halafu tunageuza kijani. Mimi wangu nilizirai."

"Kwa hiyo hamjaukataa?"

"Tuukatae kwa lipi? Tazama, nageuza sasa hivi."

Lester akanyoosha kidole kwenye kitufe chake.

Paa!

Nyundo ilikuwa imeanguka.

Kwenye kiti cha enzi siku hiyo hakuwepo Spika, maana jino lilikuwa limemlaza kitandani. Alikuwepo Mzee Alvin Quist, miaka themanini na minne, mbunge mkongwe kuliko wote, ambaye hajatania tangu azaliwe. Kitabu cha kanuni kinasema ubao ukae wazi dakika moja. Dakika moja ilikwisha, Mzee Quist akagonga. Ubao ukajifunga na wekundu wake wote.

Na unajua nani aligundua? Karibu hakuna. Wabunge walikuwa wakicheka, wakibonyeza kijani kwenye vitufe vilivyokwisha kufa, na nusu yao walishatoka vitini. Desturi ya pili ya unyago huo ni kwamba mgeni akishapata jasho lake, hulisha bunge zima. Verna alikuwa ameleta pai ishirini na sita za tufaha zilizookwa na akina mama wa Hasper, tena amezibeba kwenye basi lake la shule, namba nne, ambalo siku hiyo lilikuwa limeziba nafasi mbili za magari ya waheshimiwa. Harufu ilikuwa imewasumbua watu tangu asubuhi.

Ukumbi ukamwagika nje kama darasa lililosikia kengele, na wote wakaenda kwenye pai.

Karani wa bunge, Bi Nadine, akasoma matokeo akiwa karibu peke yake. "Ndiyo, mbili. Hapana, tisini na mbili. Muswada umeanguka."

"Umeanguka wapi?" Verna akauliza. "Si walikuwa wanatania?"

Nadine akavua miwani. "Mimi naandika taa, Bi Verna. Utani hauna safu kwenye daftari."

Verna akapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Mzee Quist.

"Mzee wangu, gonga tena. Wamekosea."

"Nikishagonga nimegonga."

"Lakini ilikuwa mzaha!"

"Mimi sikuarifiwa," alisema Mzee Quist, na alisema kweli. Katika miaka arobaini na sita hakuna aliyewahi kumwarifu, kwa kuwa kila mtu alidhani anajua.

Verna akashika ukingo wa meza. Ngoja nikukumbushe yaliyokuwa yanamuuma. Daraja hilo la Hasper, juu ya Kijito cha Willow, ni la mbao na chuma chenye kutu. Wahandisi walikwisha kusema: pasipopita muswada huu, linafungwa tarehe mosi Mei. Likifungwa, watoto kumi na tisa wa Hasper watazunguka maili arobaini kwenda shule na arobaini kurudi, na kila mtu kule anajua mwisho wake. Shule itafungwa, kisha duka, kisha kanisa. Verna alisimama kwenye ngazi za kanisa hilo hilo akawaambia wenzake, "Nisipolileta daraja, msinipe hata salamu." Alimaanisha. Mji wenyewe una watu mia tatu na kumi na wawili, na kunyimwa salamu huko si jambo dogo.

"Hakuna njia nyingine, Mzee?"

Mzee Quist akafungua kitabu, akalamba kidole. "Ipo. Mtu aliyepiga hapana asimame aombe kura irudiwe. Si aliyepiga ndiyo. Aliyeshindwa hawezi kuomba. Na nione wabunge arobaini na wanane vitini. Yote hayo kabla saa ile haijafika sita."

Alinyoosha kidole kwenye saa kubwa ya ukutani, juu ya mlango. Saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

"Mimi nitaomba," ilisema sauti kutoka nyuma.

Verna akageuka, damu ikamchemka. Alikuwa Garth Pelzer! Yule yule mbunge kijana wa mjini, mwenye koti refu la kijivu, aliyemhoji kwenye kamati wiki sita kama mtu aliyeiba basi badala ya kuliendesha.

"Wewe tena? Umekuja kunizika?"

"Huwezi kuomba, Mheshimiwa Pelzer," Nadine akasema taratibu. "Wewe ulipiga ndiyo."

Ile taa ya pili ya kijani!

"Ulipiga ndiyo?" Verna akamtazama. "Wewe, Garth?"

Garth akatazama viatu vyake. "Baske alisema tutanie sote. Nikaweka kidole kwenye nyekundu, kikakataa. Daraja lile mimi silifanyii mzaha, Bi Verna. Nililivuka kwa miguu miaka minane."

Hapo ndipo sura ikamrudia Verna. Masikio yale! Garth wa akina Pelzer, kiti cha tatu kulia, kabla wazazi wake hawajahamia mjini. Nawe msomaji lazima ujue siri ya basi namba nne. Tangu zamani daraja lile lilikuwa haliaminiki, na Verna hakutaka kuvusha watoto juu yake ndani ya gari zito. Akifika alisimamisha basi, akawashusha wote. Kila mtoto alishika koti la aliye mbele yake, wakavuka kwa miguu mstari mmoja, iwe theluji, iwe upepo. Wakishafika ng'ambo, Verna alivusha basi tupu, peke yake, mlango wazi. Halafu wakapanda tena. Kila asubuhi na kila mchana, hivyo hivyo.

"Kama unalikumbuka," Verna akasema, "mbona ulinisulubu kwenye kamati?"

"Baske aliniambia nipinge. Nina barabara yangu kule mjini, ameniahidi mwakani." Garth akavua kofia ya moyo. "Nisamehe."

"Samahani tutakunywa na kahawa baadaye. Sasa hivi nahitaji watu arobaini na wanane. Miguu, Garth!"

Wakatoka mbio.

Kule nje, chini ya kuba, hali ilikuwa ya sherehe. Wabunge wamejaa midomo. Na nyuma ya meza ya pai, kisu mkononi, alikuwa amesimama nani? Orrin Baske mwenyewe, akikata vipande vinene na kuvigawa kwa tabasamu.

"Kuleni taratibu, jamani, hakuna haraka. Nani anataka cha pili? Mheshimiwa, hicho chembamba sana, chukua hiki."

Verna akasimama. Mara moja akaelewa. Baske alikuwa ameona ubao. Baske alijua muswada umekufa kwa mzaha, na mfuko wa serikali wa barabara na madaraja ukibaki na kitu, barabara za mjini kwake zitaneemeka. Tena anawachelewesha watu kwa pai za akina mama wa Hasper!

"Jamani, rudini ndani!" Verna akapaza sauti. "Kura ilifungwa nyekundu! Muswada umeanguka!"

Watu wakacheka zaidi.

"Huyu mama kumbe naye mtani!" mmoja akasema.

"Anatulipizia," Baske akasema. "Hodari kweli. Mpeni kipande."

Dakika kumi na tano zimebaki. Garth akamshika huyu, akamvuta yule, kila mtu akadhani ni mchezo ule ule unaendelea. Ukishatania bunge zima, msomaji, kazi ni kulirudisha kwenye ukweli.

Verna akatia mkono shingoni, akatoa filimbi yake ya basi.

Akavuta pumzi. Akapuliza mara tatu, ndefu, fupi, ndefu.

Sisi wa jimbo hili wote tumelelewa kwenye mabasi ya shule. Mlio ule una mahali pake mwilini. Wabunge watu wazima, wenye mvi na vitambi, walisimama wima sahani mkononi kabla hawajajua kwa nini.

"Sahani chini!" Verna alisema, na sasa haikuwa sauti ya mbunge mgeni tena. "Mfuteni yule mdomo. Wawili wawili. Wewe wa tai nyekundu, acha kumsukuma mwenzako. Ndani, na atakayekimbia atarudi mwanzo!"

"Jamani, huyu si mwalimu wenu!" Baske alipiga kelele.

"Mimi ni dereva," Verna akamjibu bila kugeuka. "Mwalimu wanaweza kumbishia."

Wakaingia. Si wote. Wengi walibaki na Baske na vipande vyao vya pili, na wengine walishaanza safari za kwao. Verna alihesabu vichwa mlangoni kwa kugusa mabega, kama alivyohesabu kila siku ya maisha yake. Arobaini. Arobaini na tatu. Arobaini na sita. Hao ni pamoja na Mzee Quist kitini. Akajihesabu na yeye.

Arobaini na saba.

Akahesabu tena. Arobaini na saba.

"Nani hayupo?" akauliza, na kabla ya kujibiwa akajua. "Lester! Lester wa viazi yuko wapi?"

"Kwa kinyozi, chini," mtu akasema. "Alisema leo anapiga picha ya mwisho wa kikao."

Saa ya ukutani: sita kasoro dakika mbili.

Verna akashuka ngazi za chini akipuliza. Alipofika chumba cha kinyozi alimkuta Lester amelala kitini, kitambaa shingoni, povu shavu zima, kinyozi ameinua wembe.

"Lester! Inuka!"

"Nusu moja bado, mama."

"Nusu hiyo itanyolewa mwakani. Twende!"

Huku juu, Garth Pelzer alikuwa akiutazama mshale mkubwa wa saa ukisogea. Mzee Quist naye aliutazama, nyundo mkononi, na kila mtu alijua kwamba mshale ukifika juu nyundo itashuka, kwa sababu Mzee Quist ni Mzee Quist.

Garth akavuta kiti. Akapanda. Akavua lile koti lake refu la kijivu, akalifunika juu ya saa, akalishikilia kwa mikono yote miwili.

Wazee wa bunge walishasikia habari za jambo hilo, wanasema babu zetu walilifanya mara moja au mbili, lakini hakuna aliyeliona kwa macho.

Mzee Quist alitazama koti kwa muda mrefu mno.

"Karani. Saa inasemaje?"

"Imevaa koti, Mheshimiwa."

"Hm." Akageuza ukurasa, akarudisha. "Kitabu kinasema saa ya ukutani. Hakisemi ya mkononi. Mimi siwezi kusoma koti. Tuendelee."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na katikati ya makofi hayo mlango ukafunguka, akaingia Verna akihema, nyuma yake Lester na kitambaa chake, nusu ya uso imenyolewa, nusu imejaa povu.

"Arobaini na wanane!" Nadine akasema.

"Naomba kura irudiwe," Lester alisema kwa mdomo wa upande mmoja. "Mimi nilipiga hapana. Kwa ujinga."

"Ujinga hauandikwi," alisema Mzee Quist. "Ombi limepokelewa. Pigeni kura. Ili upite, muswada unataka ndiyo arobaini na nane."

Yaani kila mtu. Akikosekana mmoja tu, basi.

Taa zikaanza kuwaka kijani. Kumi. Ishirini na tano. Arobaini. Mzee Quist mwenyewe akabonyeza yake, na Verna angeweza kumbusu. Arobaini na sita. Arobaini na saba.

Zikasimama.

Verna akapitisha macho kwenye meza zote. Kila mtu alikuwa ameketi. Kila taa inawaka. Ila meza moja, ya mwenye koti, kiti chake kitupu.

Watu wote wakainua macho. Garth alikuwa juu ya kiti chini ya saa, mikono juu, jasho likimtiririka. Akishuka kubonyeza, koti litaanguka, na saa itasema sita imekwisha pita. Hapakuwa na msumari wala ndoano, na hakuna aliyethubutu kumpokea, koti lisije likateleza.

"Nadine!" Verna akaita. "Hakuna kanuni?"

Karani alikuwa ameshaanza kupekua. "Ukurasa wa sitini na mmoja. Mbunge aliye ndani ya ukumbi asiyeweza kufika mezani atatamka kura yake kwa sauti, na jina lake litaandikwa pembeni."

"Garth," ilisema sauti ya upole kutoka mlangoni.

Orrin Baske alikuwa amesimama hapo, kizingiti hajakivuka, kipande cha pai mkononi.

"Shuka, kijana wangu. Umechoka. Ile ya asubuhi ilikuwa taa tu, hakuna atakayeikumbuka. Hii wataiandika jina lako pembeni. Na mimi nasoma pembeni. Barabara yako unaitaka au huitaki?"

Garth akabadilisha mshiko. Koti likateleza kidogo, ukingo wa saa ukaonekana, Mzee Quist akageuza uso haraka akatazama dirisha.

Verna hakumsihi. Alimwonea huruma, hilo ndilo lililomjia kwanza, kabla hata ya daraja. Akasogea mpaka chini ya kile kiti na kusema kwa sauti ya chini, kama alivyowaambia watoto upepo ukiwa mkali:

"Usitazame chini, Garth. Tazama aliye mbele yako."

Garth akafumba macho.

"Ndiyo," akasema. Kisha kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pai: "Ndiyo! Andikeni Garth Emil Pelzer, yote matatu!"

Paa! Nyundo. Arobaini na nane. Muswada umepita!

Siwezi kukuelezea kelele zilizotokea. Lester alimkumbatia Verna akamwachia nusu ya povu begani. Seneti ilishaupitisha muswada huo tangu Jumatatu, kwa hiyo ilibaki saini ya gavana tu. Mzee Quist akatia saini yake kwenye karatasi ya muswada, Nadine akamnyooshea Verna, lakini Verna alikuwa mikononi mwa watu saba, basi akampa Garth pale juu ya kiti, aliyekuwa bado ameshikilia koti kwa mkono mmoja. Garth naye watu walikuwa wakimvuta mkono wampongeze. Akaitia karatasi mfukoni, kama mtu yeyote anavyofanya, akatoa mkono.

"Koti lisiguswe," alisema Mzee Quist. "Nina miswada mingine sita ya waungwana hawa, na wa sita ni mrefu. Likae hapo mpaka kazi iishe na gavana awe ametia saini yote. Nikiiona saa, nitasema nilichokiona, na kila kitu kilichopita chini ya koti kitakuwa hakikupita. Mnanijua."

Walimjua. Verna akavua kamba ya filimbi yake, wakalifunga koti kwenye saa kwa fundo la mara mbili, Garth akashuka na shati lake tupu.

Ndipo mlango mkubwa ukafunguka tena.

Gavana Tolliver ni mtu mkubwa. Simsemi vibaya, mwenyewe husema hivyo kwenye mikutano. Mkononi alikuwa na sahani, na sahani ilikuwa safi kana kwamba imeoshwa.

"Nani ameoka pai hii?"

"Akina mama wa Hasper, Mheshimiwa," Verna akasema.

"Ndio hao wanaotaka daraja?"

"Ndio hao."

Gavana akalamba kidole gumba. "Mimi sitii saini kitu nisichokiona. Ni mbali?"

"Maili thelathini na tano."

"Una gari?"

"Nina basi."

Basi namba nne likaondoka bungeni na gavana kwenye kiti cha mbele, magoti yamegusa kidevu, wapiga picha wanne nyuma yake, na Garth kiti cha tatu kulia. Njia nzima theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka mashambani na gavana alikuwa akiuliza kama pai imebaki. Garth alitetemeka kwa baridi mpaka Verna akamtupia blanketi la dereva. Verna aliimba. Alikuwa hajaimba kwenye basi hilo tangu uchaguzi.

Kwenye Kijito cha Willow akakanyaga breki, akafungua mlango.

"Haya, wote chini."

"Mbona hapa?" gavana akauliza.

"Hapa tunatembea. Basi linavuka tupu."

"Na mimi?"

"Wewe hasa, Mheshimiwa."

Ng'ambo ya pili shule ilikuwa imetoka. Watoto kumi na tisa walisimama ukingoni na mikoba yao, wakamtazama mtu mkubwa akishuka basi kwa upande.

"Shika koti la aliye mbele!" msichana mmoja akampigia kelele. "Lazima ushike koti!"

Aliye mbele alikuwa Garth. Garth hakuwa na koti. Gavana akashika mkanda wa suruali yake, na hivyo ndivyo mkuu wa jimbo letu alivyoanza kuvuka daraja, hatua moja, hatua mbili, watoto wakimhesabia kwa sauti moja, wapiga picha wakipiga. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Krrrak!

Mguu wa kulia wa gavana ukapotea mpaka kwenye paja.

Watoto wakanyamaza. Wapiga picha hawakunyamazisha kamera. Gavana Tolliver alikuwa amekaa juu ya daraja, mguu mmoja mbele yake, mwingine ukining'inia juu ya maji, uso mwekundu kama ule ubao wa asubuhi. Verna alikimbia kutoka kwenye basi akijua kwamba kila kitu kimekwisha.

Gavana akamtazama. Akatazama watoto. Akatazama tundu.

"Wanapita hapa kila siku?"

"Mara mbili, Mheshimiwa."

"Basi sitoki hapa mpaka nimetia saini." Akachomoa kalamu. "Leteni hiyo karatasi. Upesi, mguu unaganda."

Watoto wakashangilia mpaka ndege wakaruka. Verna, machozi yakimtoka bila aibu, akanyoosha mkono.

"Garth, mpe."

Garth akapapasa kifua. Akapapasa mifuko ya suruali. Akaacha kupapasa, na Verna akaona rangi ikimtoka usoni.

"Iko mfukoni," Garth alisema.

"Basi itoe."

"Mfukoni mwa koti, Bi Verna."

Upepo ukapita. Verna akatoa simu, akampigia karani.

"Nadine! Sikiliza vizuri. Karatasi imo ndani ya lile koti. Ingiza mkono polepole, itoe, koti lisishuke."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu, na nyuma yake sauti ya Mzee Quist ikisoma muswada wa sita, ule mrefu.

"Siwezi kulifikia," Nadine akanong'ona. "Pana mtu amekwisha panda pale juu."

"Nani?"

"Orrin Baske. Na ana mkasi wa kinyozi."